HENRI DUNANT, MTU WA MSALABA MWEKUNDU

Safari hii tunapenda kueleza maisha ya mtu mmoja ambaye alama yake tunaijua sisi wote, lakini yeye mwenyewe wengi hawamjui. Jina lake ni Henri Dunant.

Alizaliwa Geneva, katika nchi ya Uswisi, tarehe 8 Mei 1828. Wazazi wake walikuwa Waprotestanti wa kushika dini sana, nao walizoea kusaidia maskini na yatima. Katika masomo Henri hakuwa hodari. Alitoka kolegi kabla ya kumaliza, akaenda kujifunza kazi ya benki. (Wenzetu ambao pointi hazipandi wasikate tamaa, lakini wasichukue jambo hili kama ruhusa ya kufunga madaftari!) Wakati wa mapumziko alisoma Biblia pamoja na vijana wenzake na kutembelea wafungwa. Mwaka 1852 alikuwa kati ya wale walioanzisha chama cha vijana Wakristo mjini Geneva.

Kazi ya benki njo ilimleta Afrika. Mwaka 1853 alifika Algeria, iliyokuwa chini ya Ufaransa, na baadaye akaanzisha kampuni ya kusaga ngano. Lakini ruhusa ya ardhi na ya maji ilikawia. Alikwenda ofisi hii na ofisi ile, bila jibu. Mwishoni akaona heri amwone Kaisari Napoleon III mwenyewe. Wakati ule Kaisari alikuwa vitani, kaskazini ya Italia, akipigana na Austria. Dunant akamfuata huko huko. Alitafuta karatasi ya maji, akakuta damu.

Tarehe 24 Juni 1859, karibu na kijiji cha Solferino, askari 300000 hivi walipigana tangu asubuhi mpaka jioni. Waliokufa na walioumia walikuwa karibu 40000. Walioumia walibebwa kwa maelfu mpaka mji mdogo wa Castiglione, na Dunant alikuwa pale. Walilazwa katika makanisa, katika nyumba za watu, hata barabarani juu ya majani makavu. Waganga wa jeshi walikuwa wachache mno. Watu walikufa kwa vidonda ambavyo vingine havikuwa vya kuua: walikufa kwa kiu, kwa damu iliyotoka bila mtu wa kuizuia, na kwa uchafu.

Dunant hakuwa mganga. Hakuwa na dawa, hakuwa na cheo. Basi alifanya nini? Aliita wakaaji wa mji, zaidi wanawake na wasichana, akawapanga kazi. Hawa waliosha vidonda, wale walifunga vitambaa, wengine walipika mchuzi. Watoto wanaume walichota maji na kuyapitisha kwa wagonjwa. Alimtuma mwendesha gari lake la farasi mpaka mji wa Brescia kununua mashati, malimau, sukari na tumbako, kwa feza zake. Wale waliokuwa wanakufa, aliwaandikia barua kwa wazazi wao. Tena aliomba waganga wa Austria waliokamatwa wafunguliwe ili wasaidie.

Jambo kubwa ni hili: hawakuchagua. Mfaransa, Mwaustria, Mwitalia, wote walipata maji yale yale. Wanawake wa Castiglione walikubali ya kwamba hawa wote ni ndugu, hata wale waliokuja kuharibu nchi yao.

Dunant aliporudi Geneva, mambo haya hayakumtoka. Mwaka 1862 alichapisha kitabu juu ya Solferino, vitabu 1600, kwa feza zake mwenyewe. Ndani yake aliuliza maulizo mawili. La kwanza: kwa nini kila nchi isifundishe watu wa kujitolea wakati wa amani, ili vita ikija wawe tayari? La pili: kwa nini mataifa yasikubaliane sheria moja ya kulinda aliyeumia na yule anayemsaidia?

Kusaidia mtu kabla mganga hajafika hakukuanza naye. Tayari mwaka 1767 watu wa Amsterdam walianzisha chama cha kuokoa waliozama majini na kuwarudishia pumzi. Lakini Dunant alitaka matayarisho hayo yawe kazi ya kila nchi. Mwaka 1863 watu watano wa Geneva, yeye kati yao, walifanya kamati. Tarehe 22 Agosti 1864 nchi 12 zilitia sahihi mapatano, na alama ikawa msalaba mwekundu juu ya kitambaa cheupe. Mwaka 1882 mganga wa jeshi wa Ujerumani, Friedrich von Esmarch, akafungua mjini Kiel shule iliyoitwa kwa jina la yule Msamaria wa Injili, kufundisha watu wa kawaida namna ya kuzuia damu na kufunga mfupa uliovunjika.

Je, Dunant alipata sifa? Hapana. Kampuni yake ya Algeria ilianguka mwaka 1867. Watu waliomwamini walipoteza feza zao, naye akahukumiwa na tribinali mwaka 1868. Tusifiche jambo hili. Alitolewa katika kamati, akauacha mji wake, hakurudi tena. Kule Paris kulikuwa usiku alilala katika stasheni ya treni, na koti lake lililochakaa alilipaka wino mweusi ili lionekane zima. Msalaba Mwekundu ulienea duniani, na mwenye kuuanza alisahauliwa.

Tangu mwaka 1887 alikaa Heiden, kijiji cha Uswisi, na tangu 1892 katika chumba cha hospitali. Mwaka 1895 mwandishi mmoja wa gazeti alimkuta pale, akaandika habari zake, na dunia ikashangaa kwamba mzee bado yuko. Mwaka 1901 alipewa zawadi ya Nobel ya Amani, ya kwanza kabisa, pamoja na Mfaransa Frédéric Passy. Feza ile hakuitumia kwa raha yake. Alikufa tarehe 30 Oktoba 1910, akazikwa Zürich bila sherehe. Aliacha feza ili katika hospitali ya Heiden kitanda kimoja kiwe cha bure kwa maskini.

Ndugu, maulizo ya Dunant yalifika mpaka kwetu Katanga. Tarehe 13 Desemba 1961, wakati wa mapigano ya Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mjumbe wa ile kamati ya Geneva, Georges Olivet, alikufa pamoja na wasaidizi wawili wa kujitolea, ndani ya gari la wagonjwa lenye alama ya msalaba mwekundu. Na hapa Likasi wazazi wanakumbuka miaka 1992 na 1993, wakati ndugu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, wakajaa kwenye stasheni ya treni kwa majuma na miezi wakingoja safari, na wengine wakafa pale pale kwa magonjwa. Ulizo la Castiglione lilikuwa mbele ya kila jirani: huyu ni ndugu ao si ndugu?

Tunaishi katika mji wa migodi na wa malori. Ajali haitangulizi barua. Mtu akianguka, tunakimbia wote, lakini mingi ni kutazama tu. Tujifunze mapema: kukandamiza kitambaa safi juu ya kidonda kinachotoa damu mingi, kuwaondoa watazamaji ili mgonjwa apate hewa, kutuma mmoja kuita mganga, kutomwinua ovyo aliyeumia mgongo. Wanawake wa Castiglione hawakuwa na diploma. Walikuwa na maji, vitambaa na moyo wa kutochagua. Sisi tunayo hayo yote, na shule juu yake.