Udhaifu wa Mwili Si Kuanguka

Oktoba 1871 David Livingstone aliwasili Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa mgonjwa na amekonda. Sanduku lake la dawa liliibwa mwaka 1867, na bidhaa alizotumiwa Ujiji alikuta zimekwisha kuuzwa. Stanley alipomfikia na chakula, akapata nguvu. Wakasafiri kwa mtumbwi hadi kaskazini mwa ziwa, wakaona kwamba mto Rusizi unaingia ziwani. Stanley alimsihi arudi kwao, alikataa. Maradhi yalimrudia mara nyingi, lakini safari hakuiacha hadi alipofariki mwaka 1873.

Ndugu aliyeacha pombe naye huweza kukosa usingizi, kuwa na wasiwasi, au kuitamani, hata miezi kadhaa baadaye. Huo ni mwili ambao bado unapona. Kuanguka ni kuinywa tena. Na aliyeanguka pia aweza kuinuka. Lakini katika siku za kwanza, akitetemeka sana, akichanganyikiwa au kushikwa na degedege, apelekwe hospitali mara moja.

Tafakari: Umwonapo ndugu huyo akihangaika, je, unamhukumu, au unaomba na kukaa naye?