Gregor Mendel, padri wa njegere, na swali la mtoto mwenye ualbino

Mtoto amezaliwa. Baba mweusi, mama mweusi, naye ana ngozi nyeupe na nywele za manjano. Kabla mama hajatoka ndani, maneno yameshaanza: alikuwa na nani, ukoo wake una laana gani? Ndoa zimevunjika kwa maneno hayo, Same tambarare na milimani Vudee na Chome, kama kwingineko nchini. Imewezekanaje? Jibu lilianzia kwenye bustani ya njegere, mikononi mwa mtu ambaye mkulima wa Upareni angemwelewa haraka.

Johann Mendel alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho leo kiko Jamhuri ya Cheki. Baba yake alikuwa mkulima mdogo mwenye miti ya matunda, lakini siku tatu za kila wiki alilazimika kumfanyia kazi mwenye ardhi. Haukuwa msaragambo wa kusaidiana tunaoujua sisi. Ilikuwa kazi ya lazima. Mwaka 1838 gogo lilimwangukia baba huyo likamuumiza vibaya, na fedha za kumsomesha kijana zikakosekana. Mdogo wake wa kike, Theresia, alitoa sehemu ya mali aliyotengewa kwa ajili ya ndoa yake ili kaka asome. Mendel hakulisahau deni hilo. Baadaye aliwasaidia watoto wa dada huyo kusoma, na wawili wakawa madaktari.

Mwaka 1843 aliingia utawa mjini Brno, akapewa jina la Gregor. Alitaka kuwa mwalimu kamili, lakini mtihani ulimshinda 1850, na alipourudia 1856 hakufika mwisho. Alifundisha hivyo hivyo bila cheti. Na mwaka huohuo wa 1856 alianza kuchanganya njegere, kazi iliyomchukua hadi 1863 na kupitia mimea kama 28,000.

Ua la njegere hujichavusha lenyewe likiwa bado limefumba. Mendel alilifungua mapema, akaondoa sehemu za kiume, akalipaka chavua ya mmea mwingine, kisha akalifunika. Kwa njia hiyo alijua baba na mama wa kila punje.

Alichanganya mmea wa maua ya zambarau na wa maua meupe. Watoto wote wakatoa maua ya zambarau. Weupe ukawa kama umefutika. Akawaacha watoto hao wajichavushe wenyewe. Kati ya wajukuu 929, wenye maua ya zambarau walikuwa 705, wenye meupe 224. Watatu kwa mmoja, karibu kabisa. Wakulima wengi walishawahi kuona sura ya babu ikirudi kwa mjukuu, ila yeye alikaa akahesabu.

Akaona kwamba kila mmea hubeba maagizo mawili kuhusu rangi, moja la baba na moja la mama. Likiwepo hata moja la zambarau, ua hupata rangi. Agizo lisilotoa rangi hukaa kimya, lakini halifi, linarithishwa. Yakikutana mawili ya aina hiyo, ua huwa jeupe.

Sasa weka ngozi badala ya ua. Mwili hutengeneza melanini, rangi inayotia weusi ngozi, nywele na macho. Ualbino unaoonekana zaidi Tanzania hutokana na kasoro kwenye jeni iitwayo OCA2. Mwenye nakala moja nzima na moja yenye kasoro anafanana na ndugu zake, hana dalili yoyote. Akizaa na mwenzake wa hali hiyohiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Tunasisitiza, kila mimba: wa kwanza akizaliwa hivyo haina maana kwamba watatu wanaofuata wamepita salama. Na nakala hizo mbili, moja ametoa mama, moja ametoa baba. Mwanamume anayemfukuza mkewe kwa ajili hiyo anamfukuza kwa jambo ambalo nusu yake limetoka kwake.

Lakini vipi huyu mweusi tii na nduguye maji ya kunde? Hilo nalo Mendel alilikuta, kwenye maharage. Alipochanganya yenye maua meupe na yenye maua mekundu, alipata rangi za kila namna katikati, akakisia kwamba hapo maagizo ni zaidi ya jozi moja. Utafiti uliotolewa 2017, uliohusisha watu wa Tanzania, Ethiopia na Botswana, ulikuta jeni kadhaa zinazochangia rangi ya kawaida ya ngozi.

Mendel alieleza matokeo yake mjini Brno Februari na Machi 1865, yakachapishwa 1866. Karibu hakuna aliyeuona uzito wake. Mwaka 1868 akawa mkuu wa utawa, miaka yake ya mwisho ikaliwa na ugomvi na serikali juu ya kodi, na Januari 6, 1884 akafa kwa ugonjwa wa figo. Watafiti watatu walifufua kazi yake mwaka 1900. Mwaka 1908 daktari Mwingereza, Archibald Garrod, aliueleza ualbino kuwa ni hitilafu ya kurithi katika kemia ya mwili.

Miaka 100 baada ya Garrod, hapa nchini watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa na kukatwa viungo kwa uongo wa waganga kwamba viungo hivyo huleta utajiri.

Adui mwingine ni jua, na la Same tunalijua. Ngozi isiyo na melanini haina kinga: kofia pana, mikono mirefu, shambani asubuhi na jioni. Macho nayo huona hafifu, kwa hiyo mtoto akae mbele darasani. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun, kwa ajili ya ngozi hiyo. Kidonda kisichopona kipelekwe kwa daktari mapema, hata kikiwa kidogo.