Pierre Curie na Siri ya Mawe Yenye Ncha

Ardhi ya Taita Taveta hutoa vito viwili vya kijani ambavyo mgeni huweza kuvichanganya: tsavoraiti na turmalini. Vikifikishwa Voi kwa wanunuzi, kila kimoja huwa na bei yake. Lakini ipo tofauti nyingine isiyopimwa kwa mizani. Turmalini ikipashwa joto, ncha zake hupata umeme wa aina mbili zinazopingana, nayo huvuta majivu na vumbi. Tsavoraiti haina tabia hiyo. Tofauti ya namna hii ndiyo iliyomshughulisha Mfaransa Pierre Curie.

Alizaliwa Paris tarehe 15 Mei 1859, mwana wa daktari. Hakupelekwa shule akiwa mtoto; alifunzwa nyumbani. Mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 21, yeye na kaka yake Jacques walionyesha kwamba turmalini, kwatzi na fuwele nyingine kadhaa huzalisha umeme zinapobanwa. Mwaka uliofuata walithibitisha kinyume chake: fuwele ikitiwa umeme, umbo lake hubadilika kidogo.

Tangu 1882 alifanya kazi katika shule ya fizikia na kemia ya Paris kwa ujira mdogo, na majaribio yake mengi aliyafanyia ukumbini mwa kupitia watu. Humo ndimo lilimokomaa wazo lake kuu, alilolichapisha mwaka 1894: ili jambo fulani litokee, ulinganifu fulani lazima ukosekane. Ndani ya tsavoraiti, kila mwelekeo una mwenzake wa kinyume unaofanana nao kabisa. Turmalini, kwa upande wake, ina kichwa na mkia. (Kwa sisi wa Kiswahili, neno ulinganifu lapasa kupanuliwa maana hapa, maana huku kukosekana kwake ndiko kunakozaa.)

Mwaka 1895 aliwasilisha tasnifu kuhusu sumaku na joto. Kiwango cha joto ambacho chuma hupotezea usumaku wake wenye nguvu, takribani nyuzi 770 za selsiasi, huitwa kwa jina lake. Mwaka huohuo alimwoa Marie Skłodowska. Habari za radi na Tuzo ya Nobeli ya 1903 zinajulikana mno. Yatosha kusema kwamba miale ile ilipimwa kwa chombo chenye kipande cha kwatzi, matunda ya kazi ya ndugu wawili. Tarehe 19 Aprili 1906, siku ya mvua, aligongwa na gari la farasi mtaani Paris akafa, akiwa na miaka 46.

Swali lake halikuzikwa naye. Katika waya wa kawaida wa shaba, mkondo wa umeme hukutana na ukinzani uleule uendako na urudiko. Lakini fuwele yenye kichwa na mkia ikiungana na usumaku, ulinganifu huo huvunjika, na mkondo hupita kwa wepesi zaidi upande mmoja, mithili ya msafiri anayepanda Wundanyi kutoka Mwatate na yule anayeshuka. Mwaka 2017 watafiti waliripoti tabia hiyo katika fuwele moja ya bismuthi, teluri na bromini iliyowekwa ndani ya uga wa sumaku. Tofauti ni ndogo, lakini haikuhitaji kuunganisha vitu viwili kama ifanywavyo katika diodi. Turmalini yenyewe haifai kwa jaribio hilo, kwani haipitishi mkondo.