Arnold Theiler, Daktari wa Ng'ombe Mwenye Mkono Mmoja

Sisi tunaosoma udaktari wa mifugo tumeshazoea kutaniwa. Ukisema unasoma udaktari watu wanachangamka. Ukimalizia kwamba ni wa ng'ombe, wanacheka na kukuuliza kama alama hazikutosha. Sitaki malumbano na mtu. Nataka tu kusimulia maisha ya bwana mmoja ambaye tunamtaja kila tunapojibu swali la ndigana kali, halafu wengi wetu hatujui alikuwa nani. Vijidudu vya ndigana kali tunavikariri kwa jina la Theileria. Jina hilo linatokana na mtu, naye ni Arnold Theiler.

Alizaliwa tarehe 26 Machi 1867 katika mji mdogo wa Frick, Uswisi. Alisomea udaktari wa mifugo huko huko kwao, na mwaka 1891 akapanda meli kwenda Transvaal, jamhuri ya Makaburu kusini mwa Afrika. Alikwenda kutafuta maisha kama kijana yeyote. Maisha yakampokea vibaya. Alipata kazi kwenye shamba moja kubwa karibu na Pretoria, na muda si mrefu mashine ya kukatia majani ya mifugo ikamkata mkono wa kushoto. Aliyewahi kuhangaika kumzalisha ng'ombe kwa mikono yake miwili ataelewa maana ya hasara hiyo. Mgeni, hana fedha, hana jina, na sasa hana mkono.

Hakurudi kwao. Alifungua ofisi ya tiba ya mifugo Pretoria. Mwaka 1893 ndui ilipoingia kwenye migodi ya Johannesburg, yeye ndiye aliyetengeneza chanjo, kwa sababu chanjo ya ndui wakati ule ilioteshwa kwenye ngozi ya ndama, na ndama ni kazi ya daktari wa mifugo. Kwa hiyo chanjo iliyompatia jina ilikuwa ya kuwakinga binadamu. Wanaotucheka walizingatie hilo.

Mwaka 1896 ikaja sotoka. Virusi hivyo viliingia pembe ya Afrika miaka ya mwisho ya 1880, vikapita Umasaini na kuua ng'ombe karibu wote, njaa ikafuata, kisha vikateremka hadi kuvuka mto Zambezi. Serikali ya Transvaal ikamteua Theiler kuwa daktari wake wa mifugo. Alishirikiana na Herbert Watkins-Pitchford kutoka Natal. Waliona kwamba ng'ombe aliyeugua akapona haugui tena, hivyo damu yake lazima ina kitu. Wakachukua maji ya damu ile, yaani seramu, na kuyatumia kuwakinga wengine. Robert Koch mwenyewe, profesa mwenye sifa dunia nzima, aliitwa Kimberley akapendekeza nyongo ya ng'ombe mgonjwa itumike kama chanjo. Lakini njia iliyodumu zaidi ilikuwa ya seramu.

Kutoka hapo Theiler akahamia kwenye ugonjwa wa farasi, virusi vinavyojaza maji mapafuni mpaka mnyama anatoa povu puani na kufa. Maabara yake ilikuwa Daspoort, nje ya Pretoria, mahali pa hali ya chini kabisa. Alimchoma mnyama virusi vikali na wakati huo huo akampa seramu ya kumlinda. Kwa maneno mengine, alimpa ugonjwa huku amemshika mkono. Kwa nyumbu wa mizigo njia hii ilifaa sana; kwa farasi ilikuwa ngumu zaidi. Wazo lenyewe halijazeeka. Chanjo ya ndigana kali inayotumika leo kwa wafugaji wetu inafuata mwendo unaofanana: ng'ombe anapewa vijidudu hai pamoja na dawa ya kuvizuia visimuue.

Na hiyo ndigana kali ilitoka kwetu. Sotoka ilipomaliza ng'ombe wa kusini, wakanunuliwa wengine kutoka pwani ya Afrika Mashariki, nao wakaenda na kupe wao. Koch alikuwa ameviona vijidudu hivyo Dar es Salaam mwaka 1897, akadhani ni hatua changa ya ugonjwa mwingine. Theiler ndiye aliyeonyesha kwamba ni vijidudu tofauti kabisa, akavipa jina mwaka 1904. Mwaka 1910 akavitambua vya ndigana baridi, kisha akapata aina yao nyingine isiyo kali, ikatumika kama chanjo hai mpaka siku hizi. Kondoo nao aliwatengenezea chanjo ya ulimi wa buluu.

Mwaka 1908 maabara kubwa ya Onderstepoort ikafunguliwa chini yake, na mwaka 1920 akawa mkuu wa kwanza wa kitivo cha udaktari wa mifugo mahali hapo hapo. Alifariki London tarehe 24 Julai 1936.

Lakini nisimpake rangi ya malaika. Alifanya kazi chini ya serikali za walowezi, Makaburu kwanza, Waingereza baadaye, na kazi yake ilianza kunufaisha mashamba ya wazungu. Katika vita dhidi ya sotoka, serikali za kusini zilipiga risasi ng'ombe wa Waafrika hata waliokuwa wazima, na wenye ng'ombe hawakuulizwa. Waafrika waliowashika wanyama wale wakati wa kuchomwa sindano hawana kijidudu chenye majina yao. Nadhani mtu anayejiandaa kuingia kwenye boma la mfugaji na sindano mkononi anapaswa kulijua hilo pia. Mfugaji akisita, si ujinga. Kuna historia nyuma yake.

Mwanawe Max, aliyezaliwa Pretoria, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1951 kwa chanjo ya homa ya manjano. Huyo ndiye aliyesifiwa duniani, maana alitibu watu. Baba alibaki na ng'ombe wake.

Sasa hesabu moja tu kwa wanaotutania. Magonjwa ambayo binadamu amefanikiwa kuyafuta kabisa duniani ni mawili. La kwanza ni ndui. La pili, lililotangazwa mwaka 2011, ni sotoka, kwa msaada wa chanjo iliyotengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright na wenzake. Nusu ya ushindi huo ni ya madaktari wa ng'ombe. Ndigana kali bado ipo, inaua ndama kila mwaka, na inatusubiri sisi.