Mtakatifu Inyasi darasani

Inyasi wa Loyola alizaliwa Hispania mwaka 1491. Alikuwa askari hodari, mwenye kupenda sana sifa. Mwaka 1521, katika vita vya Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu. Alipokuwa mgonjwa kitandani alisoma maisha ya Yesu na ya watakatifu, moyo wake ukageuka. Akataka kuwasaidia watu katika mambo ya roho, lakini Kilatini hakukijua.

Basi mwaka 1524, mtu mzima wa miaka 33, aliketi darasani pamoja na watoto wa Barcelona. Kila alipojaribu kushika maneno kichwani, mawazo matamu ya Mungu yalimjia, na somo likapotea. Ajabu ni hii: wakati wa sala na Misa hayakumjia kwa nguvu namna ile. Inyasi akatambua kwamba ni kishawishi. Mawazo yalikuwa mema, lakini saa yake haikuwa ile. Akamwomba mwalimu waende kanisa la Santa Maria del Mar. Huko alimweleza yote bila kuficha, akamwahidi kusikiliza mafundisho yake miaka miwili bila kukosa, maadamu atapata mkate na maji. Kishawishi kile hakikurudi tena.

Alipewa upadri mwaka 1537.