Saxton Pope, daktari aliyefundishwa mshale na Ishi

Tukizungumzia mshale wa kuwindia, wasikilizaji wetu wa vijijini huuliza kwanza juu ya nguvu za upinde au juu ya sumu. Ni haki yao, kwani wawindaji wengi wa Afrika Mashariki walitegemea sumu ya mti, na kwa sumu kali hata kijeraha kidogo kilitosha. Daktari mmoja wa Marekani, aliyefariki karibu miaka 100 iliyopita, alianzia kwenye kigumba, yaani kile kichwa cha mshale kinachoingia mwilini. Safari yake kubwa ya mwisho ilimfikisha Tanganyika, na leo tunaeleza maisha yake.

Saxton Temple Pope alizaliwa mwaka 1875 huko Texas. Baba yake alikuwa daktari wa jeshi. Yeye naye akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha California, akamaliza mwaka 1899, akatibu watu katika mji mdogo wa Watsonville kwa miaka kadhaa. Mwaka 1912 akahamia San Francisco kufundisha upasuaji. Hapo ndipo alipokutana na Ishi.

Ishi alikuwa mtu wa mwisho wa Wayahi, wenyeji asilia wa California ambao walowezi waliwaua karibu wote. Agosti 1911 alijitokeza peke yake karibu na mji wa Oroville, akiwa na njaa. Wataalamu wa chuo walimchukua akaishi katika jumba lao la makumbusho, jirani na shule ya udaktari. Jina lake halisi hakulitaja kamwe. Ishi maana yake ni mtu tu, kwa lugha ya watu wake.

Pope aliitwa kumtibu. Mgonjwa akawa mwalimu. Ishi alimwonyesha jinsi ya kuchonga upinde, kunyemelea mnyama, kumwita kwa kuigiza mlio wa sungura, na jinsi ya kumega kigumba kutoka kwenye obsidiani. Hilo ni jiwe jeusi la volkano linalofanana na kioo, nalo hupatikana hata Naivasha katika Bonde la Ufa. Ishi alilibana jiwe kiganjani juu ya kipande cha ngozi, akalikandamiza kwa ncha ngumu, vipande vyembamba vikaruka kimoja kimoja. Jiwe lilipokosekana, alitumia kioo cha chupa.

Mtu wa mjini angeweza kuliona jambo hilo kama mchezo wa kale. Pope alilipima. Alitengeneza sanduku, pande zake mbili zinazotazamana akaziwamba ngozi mbichi ya paa wa Marekani, ndani akajaza maini ya ng'ombe. Akasimama umbali wa yadi 10 na kupiga mishale miwili iliyolingana kwa uzito na manyoya, mmoja wa chuma, mwingine wa jiwe. Cha chuma kiliingia inchi 22, kama sentimita 56. Cha jiwe kiliingia inchi 30, kama sentimita 76. Alirudia mara kadhaa na matokeo hayakubadilika. Alieleza kuwa makali ya jiwe lililomegwa yana mawimbi madogo, kama kisu cha mkate, ndiyo maana yanakata vizuri zaidi.

Kwa macho ya daktari wa upasuaji, risasi hupasua na kutikisa mwili, lakini mshale huua kwa kumwaga damu. Wembe ukikukata, damu hutoka kwa wingi. Kisu butu hurarua tu, na jeraha hufunga mapema. Kwa hiyo kigumba butu ni ukatili. Mnyama hukimbia na jeraha, hufa siku nyingine mahali pengine, na mwindaji hapati nyama. Tunaona hili ndilo jambo kubwa zaidi Pope aliloliacha.

Hata hivyo, yeye mwenyewe aliwinda wanyama wakubwa kwa chuma, kwa sababu jiwe huvunjika likigonga mfupa. Vigumba vyake vilikuwa bapa, urefu wa kama inchi 3, upana wa inchi 1 na robo. Kikiwa kipana zaidi hukata zaidi lakini hukwama mapema. Kikiwa chembamba hupenya sana na kutoa damu kidogo. Tupa ndogo ya kunolea ilikaa ndani ya podo, maana kigumba kilichogonga ardhi mara moja tu hakifai tena mpaka kinolewe.

Ishi alifariki Machi 1916 kwa kifua kikuu. Mtaalamu Alfred Kroeber alikuwa ameandika kutoka mbali akipinga mwili wake usipasuliwe. Ulipasuliwa, na Pope alikuwapo. Upinde na mishale viliwekwa pamoja na Ishi alipochomwa, lakini ubongo wake ulitolewa na kupelekwa Washington, ukarudishwa kwa wenyeji wa California mwaka 2000 tu. Urafiki wao ulikuwa wa kweli, na jambo hilo nalo ni la kweli.

Mwaka 1920 Pope na rafiki yake Arthur Young waliwaua dubu wakubwa wa Yellowstone kwa mishale, kwa ajili ya makumbusho ya San Francisco, mwongozaji mwenye bunduki akiwa karibu. Mwaka 1925 wakaja Tanganyika pamoja na mwandishi Stewart Edward White kuwinda simba. Hapa makali peke yake hayakutosha. Paa aliyepigwa vizuri hukimbia, akamwaga damu, akaanguka. Simba aliyepigwa vizuri naye ataanguka, ila sekunde zilizobaki anaweza kuzitumia kukufuata. Baadhi ya simba waliuawa kwa mishale, wengine ilibidi wamaliziwe kwa risasi. (Siku hizi mambo ni mengine: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania huwezi kuwinda bila kibali.)

Pope alirudi nyumbani, akaandika kitabu juu ya safari hiyo, na tarehe 8 Agosti 1926 akafa kwa nimonia kabla ya kutimiza miaka 51. Chama cha wawindaji wa upinde kilichoanzishwa Marekani mwaka 1961 kina jina lake na la Young. Majimbo mengi ya nchi hiyo sasa yanataka kigumba cha kuwindia wanyama wakubwa kiwe na upana usiopungua inchi 7/8, kama sentimita 2.2. Cha Pope kingepita. Lakini jimbo la Colorado linataka pia makali mawili ya chuma, kwa hiyo kigumba cha Ishi, kilichoshinda pale kwenye sanduku la maini, huko hakiruhusiwi.