MAISHA YA LEO FENDER, FUNDI WA GITARE YA BESI



Korali ikiimba na magitare, wengi wetu tunasikiliza solo tu. Besi tunaisahau. Lakini besi ikinyamaza kidogo, wimbo wote unaanguka. Kwa hiyo katika namba hii tunawaletea maisha ya mtu aliyeipa besi nguvu: Clarence Leonidas Fender, aliyejulikana kwa jina la Leo Fender.

Alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 huko California, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa machungwa. Akiwa na miaka 8 alipoteza jicho moja kwa ugonjwa, wakamtilia jicho la kioo. Alisomea hesabu, akafanya kazi ya ofisi, kisha wakati wa shida kubwa ya uchumi kazi ikaisha. Mwaka 1938 akafungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton. Wanamuziki walimletea vyombo vyao, naye akasikiliza malalamiko yao. Tena ajabu: gitare yenyewe hakujua kuipiga!

Wakati ule mpiga besi alibeba kontrabasi, kitu kirefu kupita mtu, na karibu ya ngoma haikusikika vizuri. Wengine walijaribu besi ya umeme mbele ya Fender, lakini iliyoenea ni yake, Precision Bass ya mwaka 1951. Juu yake kuko mikro. Si ile ya kusemea, hapana. Ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Kamba ya chuma ikitetemeka karibu na sumaku, umeme kidogo unazaliwa katika waya, unakwenda kwa ampli, unakuwa sauti.

Mikro ya kwanza ilikuwa na sumaku moja chini ya kila kamba. Tena ilinguruma, sababu waya ulikamata kelele ya umeme wa taa na vyombo vingine. Gitare ilikuwa inauzwa tayari, Fender angeweza kuiacha vile. Hakuiacha. Mwaka 1957 aliigawa mikro vipande viwili, kila kipande kwa kamba mbili, na kila kamba sumaku mbili. Kipande kimoja akakigeuza, kelele ya huku ikaua kelele ya kule, sauti ya kamba ikabaki safi. Mwaka 1960 akatoa Jazz Bass yenye mikro mbili, mpigaji achanganye sauti mwenyewe.

Mwaka 1965 aliuza kampuni yake kwa CBS, dola milioni 13, maana afya yake ilikuwa mbaya. Mwingine angekaa kula pesa. Yeye akarudia kazi. Mwaka 1976, katika kampuni Music Man, yeye na wenzake walitoa StingRay: mikro ya bobini mbili, na betri ya volti 9 ndani ya gitare ya kuongeza nguvu. Kisha akaanzisha G&L pamoja na rafiki yake George Fullerton. Hata ugonjwa wa Parkinson haukumtoa kazini. Alikufa tarehe 21 Machi 1991, akiwa na miaka 81.

Hata sasa besi nyingi zinatengenezwa na mikro ya namna ile ya 1957. Wandugu, wanafunzi wengi wakipata nusu ya pointi wanasema inatosha, wanafunga kaye. Fender alipata zaidi ya nusu, lakini kaye yake aliifungua tena.